Kamera Kwenye Jicho la Fundi Viatu

4 Februari

Baba Mdogo, shikamoo.

Habari zenu nimezipata kwa simu ya Mama Mdogo: mna afya, kuku watatu wametotoa, na wewe umeapa hutashika simu tena kwa sababu inasikiliza. Basi naandika. Ila ujue, barua hii mpaka ikufikie itapita mikononi mwa watu wasiopungua saba, na gundi ya bahasha zetu ni mbovu.

Huku tu wazima. Mama anakusalimu shemeji yake. Goti linamsumbua asubuhi, ikifika saa nne linamwacha. Mimi bado niko kiwanda kile kile cha uchapaji, meza ile ile karibu na mashine kubwa, napanga kurasa za kadi, kalenda na matangazo. Ikianza kuchapa, kikombe changu cha chai kinatembea chenyewe mezani.

Sasa nililokusudia. Mama Mdogo anasema ulipimwa macho Desemba, ukaambiwa una mtoto wa jicho pande zote mbili, na la kulia limekomaa. Timu ya madaktari wa macho inarudi hospitali yenu Julai, wiki mbili tu, halafu mpaka mwaka mwingine. Na wewe umekataa kujiandikisha. Nilipomuuliza sababu alisema, "Muulize mwenyewe, mimi nisije nikaonekana nimeolewa na mwehu."

Nakuuliza. Wewe umekuwa kinyozi miaka thelathini na moja. Jicho likienda, kiti nacho kinakwenda.

Mwanao,
Bi Wino


21 Februari

Marahaba, Bi Wino, marahaba sana.

Barua imefika, bahasha imeachia upande mmoja. Sisemi kitu. Lakini hiyo mikono saba naijua: wa posta ni mteja wangu, dereva ni mteja wangu. Simu inapita mikononi mwa nani? Hujui, na mimi sijui. Tofauti yetu ndiyo hiyo. Wewe usichokijua unakiamini, mimi nakitilia shaka.

Mpe shemeji pole ya goti. Mama yako mdogo anapika, anagomba na kuimba, vyote kwa pamoja. Waliototoa ni wawili. Wa tatu alikalia mayai wiki nne, akainuka akaenda zake kama aliyekuwa amepumzika tu.

Macho yangu ni mazima. Yamechoka kidogo, kama ya mtu yeyote aliyefanya kazi. Ukiona naandika herufi kubwa, ni kwa heshima yako, msomi.

Na hata yangekuwa mabovu, nisingekwenda. Umetaka sababu, chukua. Ile lenzi wanayoweka si lenzi. Ni kamera. Wanakutoa ya kwako, wanakupachika ya kwao, kuanzia hapo kila unachoona wanakiona. Usicheke. Sikuokota kwa walevi. Ushahidi uko hapa mezani, karatasi ya hospitali yenyewe: picha ya jicho, katikati ya mboni imekaa kamera, na taa nyekundu inawaka. Chini wameandika, "Tutakubadilishia lenzi." Wameandika wenyewe, mwanangu, sisi tumesoma tu.

Karatasi aliileta yule mteja wangu tunayemwita Redio, kwa sababu hazimiki. Fundi Viatu, wa kibanda cha mbele yangu, alifanyiwa jicho la kushoto mwaka jana, kabla karatasi haijatoka. Masikini hakujua. Siku hizi watu wakiongea naye wanakaa upande wa kulia.

Mwalimu mstaafu alikuja kutupinga. Alisimama katikati ya kibanda, akachora jicho, akatueleza saa nzima kama darasa la tatu, akatuuliza tumeelewa. Alipoanza, walioamini walikuwa wanne. Alipomaliza tulikuwa saba.

Baba yako mdogo


6 Machi

Shikamoo Baba Mdogo.

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimesimama. Mama goti limepungua. Mimi sijambo, ila wiki hii sina usingizi mzuri, mambo ya kazi.

Hebu niambie, hiyo karatasi chini pembeni ina jina la waliochapa? Nauliza tu.

Nirudi kwenye hoja. Timu ile imefanyia watu macho zaidi ya elfu sita, hiyo ni idadi yao wenyewe. Pana madaktari, wauguzi, wafagizi, madereva, waliotengeneza lenzi na waliozipakia kwenye maboksi. Chukua kila mtu uliyewahi kumnyoa, uwape wote siri moja. Itakaa muda gani? Redio peke yake ataimaliza kabla hujakung'uta shuka. Watu hawawezi kutunza siri, Baba Mdogo. Ndiyo maana siamini njama za watu wengi.

Sisemi kila shaka ni ujinga. Bosi wangu, mtu wa vitabu, aliapa kwamba ile mikebe ya wino ya mashine yetu ndogo inadanganya: inasema imekwisha na wino bado umo. Tulimcheka mwaka mzima. Juzi nikapasua mmoja na kuupima kwenye mizani. Robo ya wino ilikuwa imebaki. Bosi alikuwa sahihi. Lakini tulijua kwa kupasua na kupima, si kwa kusikia.

Jambo la mwisho. Barua yako ya mwaka juzi ilikuwa na mistari ishirini na miwili kwa ukurasa. Hii ina tisa. Heshima yangu haijapanda kiasi hicho.

Bi Wino


24 Machi

Marahaba mwanangu.

Shemeji nafurahi kusikia goti limemwachia. Hapa mvua imetoboa bati moja, mama yako mdogo ameweka sufuria chini, sasa tunapiga ngoma bila kupenda.

Jina la waliochapa silioni. Pale chini pana vumbi tu. Ukweli hata mtu mwenye macho ya mwewe asingeliona.

Lakini wewe mtoto unanifurahisha. Umeandika kurasa mbili kunishawishi niamini, katikati ukanipa habari ya mikebe ya wino. Kumbe wanadanganya! Wa wino wanadanganya, wa macho ndio malaika? Niliwasomea kibandani. Redio ameomba nakala.

Sasa nikuambie kitu sijamwambia mtu. Hii habari ya watu hawawezi kutunza siri, usiwe na uhakika. Kuna kitu mtaa mzima unakijua, mimi sikijui. Nimeona dalili. Wateja wangu wakitoka kwenye kiti, wanakata kushoto. Makwao ni kulia. Wiki iliyopita nilihesabu: kati ya kumi na mmoja, tisa wamekwenda kushoto. Nilimuuliza mmoja, akasema ananyoosha miguu. Fundi Viatu, ambaye kibanda chake ni mbele yangu, hatua kumi, alitoka kwangu amenyolewa, akavaa kofia ya sufu, akakata kushoto. Akarudi baada ya nusu saa, kofia kichwani, jua kali. Nikikaribia wanaoongea, wanabadilisha wanaanza kuuliza habari za kuku.

Mtu akishaona hivyo kwa wiki sita, mwanangu, jambo la kamera halimshtui. Anajua watu wanaweza kukukalia kitako huku wanakuchekea.

Baba Mdogo


8 Aprili

Shikamoo.

Kabla ya salamu nyingine, nina jambo la kukiri, na nimelikalia mwezi mzima.

Hiyo karatasi niliichapa mimi. Yaani ukurasa niliupanga mimi, mezani kwangu, tarehe 14 Januari, asubuhi. Hospitali walileta maneno kwa mkono: "Jicho ni kama kamera. Lenzi ikiingia ukungu, picha haionekani. Tutakubadilishia lenzi." Walileta na mchoro wa jicho, lakini ulikuwa umepigwa nakala mara nyingi mpaka unafanana na kiazi. Walitaka vipeperushi elfu sita kabla ya saa sita. Nikachukua picha ya jicho kwenye faili letu la matangazo ya miwani, nikachukua picha ya kamera kwenye kadi za mpiga picha wa harusi, nikaipunguza, nikaiweka katikati ya mboni. Niliona nimeelezea vizuri sana. Bosi alinisifu.

Taa nyekundu ilikuwamo kwenye ile kamera, ndogo, haionekani. Lakini mashine ilikuwa bado na wino mwekundu wa kadi za harusi, na rangi nyingine zote zilitoka hafifu, nyekundu ikatoka kama moto. Niliona. Nikasema haina shida, inavutia.

Kwa hiyo hakuna aliyeficha kitu, na hakuna aliyejisahau akafichua. Ni mimi, haraka, na picha iliyokuwa karibu. Sikukuambia mapema kwa sababu niliona aibu. Nimekuwa nikikufundisha kupima, na mimi mwenyewe sikupima.

Mama hajambo. Na kushoto kuna nini?

Bi Wino


2 Mei

Mwanangu mpenzi.

Usione nimechelewa. Barua yako niliificha kwanza, nikawa naisoma kidogo kidogo pale mlangoni jua likipanda, mama yako mdogo akiwa sokoni.

Ni nani amekubana? Niambie taratibu. Nimekujua tangu ukiwa unachora ukutani kwa mkaa. Hujawahi kukubali kosa hata siku moja. Ulipovunja kioo changu, ukiwa na miaka sita, ulisema kilijirusha. Leo unaandika ukurasa mzima: ni mimi, nilikosea, niliona aibu. Huyo si wewe. Hayo ni maneno ya mtu aliyesimamiwa. Na tarehe umeweka, na saa umeweka, na mpaka idadi. Mtu anayesema kweli hakumbuki mambo hivyo.

Sitamwambia mtu. Lakini tuwekeane alama. Barua ijayo, kama wamekulazimisha, andika kwa kalamu ya kijani. Maneno yenyewe andika yoyote wanayotaka. Nikiona kijani, nimeelewa.

Umeuliza kushoto kuna nini. Hakuna kitu. Kuna duka la mbao, mashine ya kusaga, na mwisho kile kibanda cha Yule wa Mashine, kinyozi mwenzangu, anayenyoa kwa mashine ya umeme kila kichwa, kama anakata majani. Basi. Huwezi kunyoosha miguu kwenda kwenye mbao.

Mama yako mdogo anakusalimu bila kujua nakuandikia nini.

Baba yako mdogo


11 Mei

Shikamoo Baba Mdogo.

Sote wazima. Mama amecheka habari ya kioo. Anasema kioo kweli kilijirusha, na aliyekirusha alikuwa amesimama nyuma yake.

Hakuna aliyenilazimisha. Nimekaa mezani kwangu, saa saba mchana, wenzangu wamekwenda kula. Naandika kwa kalamu ile ile niliyoandikia barua zote. Ungependa nikubali kosa vibaya vibaya ili uniamini, lakini nilikosea tarehe 14 Januari asubuhi, na siwezi kukosea tarehe nyingine kwa kukufurahisha.

Habari ya kushoto tuiache kwanza. Nimeifikiria, nadhani haina uzito. Wanyooshe miguu.

Nimemwandikia Mama Mdogo barua yake peke yake, imo kwenye bahasha hii. Usiifungue. Ni mambo ya wanawake.

Bi Wino


1 Juni

Mwanangu.

Nimeiona kijani. Nimeelewa. Usiandike zaidi kuhusu hilo, usije ukajiletea matatizo.

Mimi nami sijakaa bure. Nimeamua kupasua na kupima, kama ulivyopasua mkebe wa wino. Jana nilimwita Fundi Viatu.

Nikamwambia, "Kaa hapo, funika jicho la kulia."

"Kuna nini?"

"Kaa."

"Ukinitia wembe jichoni nitakushtaki."

Nikamweka kwenye kiti, nikamfunga jicho la kulia kwa kitambaa, likabaki lile la kushoto, la kamera. Nikachukua ubao wangu wa bei, upande wa nyuma, nikaandika kwa chaki: MKUU WA SOKO NI MWIZI NA MASHARUBU YAKE NI YA BANDIA. Nikausimamisha mbele yake dakika kumi. Sikuutoa nje, hakuna mwingine aliyeuona. Fundi akasoma, akacheka mpaka kiti kikalia.

"Sasa?" akaniuliza.

"Sasa tunasubiri. Wakija kunikamata, tumejua."

"Na mimi je, nitakuwa shahidi au mshtakiwa?"

"Wewe ni kamera tu, nyamaza."

Nimewapa wiki mbili. Nguo za kubadilisha nimefunga kwenye mfuko, ziko nyuma ya mlango. Mama yako mdogo ameziona, akauliza nasafiri kwenda wapi. Nikamwambia pengine popote. Akasema basi nipitie na mkaa.

Huyu mama yako mdogo siku hizi simwelewi. Tangu asome barua yako ya mambo ya wanawake anaimba kupita kiasi. Na juzi alitoka na yeye akakata kushoto.

Baba Mdogo


10 Juni

Shikamoo Baba Mdogo.

Salamu zitafuata, hili haliwezi kusubiri.

Barua yangu ya tarehe 11 Mei haikuwa ya kijani. Ni bluu. Ni kalamu ya bluu ya kila siku, ile inayouzwa kila duka. Barua zangu zote tangu Februari ni za bluu, na hii pia.

Usiniamini mimi. Nimebanwa, nimesimamiwa, sawa. Chukua karatasi hii, iende kwa watu watatu, mmoja mmoja, kila mmoja peke yake, wasisikilizane. Usiwaulize "hii ni bluu?" Waulize "hii ni rangi gani?" Mmoja awe Redio, maana anaamini kuliko wewe, hana sababu ya kunitetea.

Mtoto wa jicho, Baba Mdogo, hafanyi ukungu tu. Anatia umanjano kwenye kila kitu taratibu, huoni ukija. Bluu ikipita kwenye umanjano inakuwa nini? Mimi nachanganya rangi kwa kazi, najua jibu. Na wewe unalijua.

Madaktari wanafika tarehe 7 Julai, wanaondoka tarehe 18. Mama Mdogo anasema majina ya kujiandikisha yanapokelewa mpaka mwisho wa mwezi huu. Sitaandika tena kabla ya hapo. Nimesema niliyonayo.

Mama goti limerudi, lakini amelizoea, wanaelewana.

Bi Wino


30 Juni

Bi Wino, marahaba.

Redio alisema bluu. Hakufikiria hata kidogo. Mwalimu alisema bluu, akaanza kunieleza mwanga unavyopinda, nikatoka. Mama yako mdogo alisema bluu, akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Nikafikiri, hawa wamepangana. Nikaenda dukani ninakonunua nyembe, nikamwambia muuzaji, "Nipe kalamu ya kijani." Akanipa. Nikaiandikia chini ya barua yako, mstari mmoja. Nikaangalia mlangoni, juani. Mwanangu, nilikuwa naona kalamu moja.

Nilikaa kwenye kiti changu mwenyewe, wanapokaa wateja, karibu saa nzima.

Nikuambie na lile ambalo sikuandika. Januari nilimkata Mwalimu sikio. Si sana, lakini damu ilikuja, na mimi niliiona imeshafika kwenye shuka, nikadhani ni kivuli. Akasema haina neno. Tangu siku ile najua. Redio alipokuja na karatasi ya kamera nilifurahi, ndivyo ilivyokuwa. Mtu akiniuliza kwa nini huendi, nilikuwa na jibu la kiume. "Naogopa kuguswa jicho" si jibu la mtu anayeshika wembe kwenye shingo za watu.

Kuhusu jaribio letu: wiki nne zimepita, hakuna aliyekuja. Hata karani wa soko. Mkuu wa soko mwenyewe alipita mbele ya kibanda, akanisalimia vizuri, masharubu yamekaa. Nakiri niliumia kidogo. Mtu unafunga mfuko, unaaga moyoni, hawaji.

Wewe utasema ndiyo uthibitisho kwamba kamera hakuna. Mimi nimefikia uamuzi mwingine. Kamera ipo. Ila hakuna anayeangalia. Macho elfu sita, nani ana muda? Na ya kwangu wataona nini? Visogo, kutwa nzima. Wakikaa wakiangalia visogo mwaka mzima, hao ndio wa kuonewa huruma, si mimi.

Kwa hiyo nimejiandikisha. Namba arobaini na tatu.

Baba yako mdogo


9 Julai

Shikamoo Baba Mdogo.

Sina cha kubishana nacho. Kamera na iwepo.

Mimi na Mama tunasubiri, na Bosi ameniruhusu kuacha simu mezani. Nimechapa upya kile kipeperushi, hospitali wamekubali. Safari hii nimeweka picha ya dirisha lenye ukungu na mkono unaolifuta. Nimewaonyesha watu ishirini kabla ya kuchapa, nikawauliza wanaona nini. Kumi na tisa walisema dirisha. Mmoja alisema, "Mkono wa nani huo?" Siwezi kumaliza wote.

Bi Wino


3 Agosti

Bi Wino, marahaba, marahaba tena, na tazama hapo: mistari ishirini na mmoja kwa ukurasa, nimehesabu mwenyewe.

Walifanya la kulia, la kushoto ni mwakani. Dakika ishirini, nikiwa macho, daktari ni mwanamke mdogo wa umbo anayeongea kama anahesabu nguo za dobi. Nikamuuliza hiyo lenzi ina nini ndani. Akasema, "Haina kitu, mzee, ni kama kioo." Nikamwambia haina shida, hata kama ina kitu. Akaendelea.

Kesho yake walifungua bandeji. Nikamwona mama yako mdogo. Nikamuuliza, "Nywele zimekuwa nyeupe lini?"

"Mwaka juzi."

"Na hukuniambia?"

"Nilidhani unastahi."

Nilipewa wiki mbili za kupumzika. Jumatatu nikafungua kibanda. Niliona pembe za sakafu, nikafagia mara mbili. Akaingia Fundi Viatu, kofia kichwani. Nikamwambia vua, nione kisogo. Akaishika kwa mikono miwili. Nikaivua mwenyewe.

Mwanangu, kinyozi anajua mkono wake kama unavyojua mwandiko wako. Huyu nilimnyoa mwenyewe kabla sijaenda hospitali, lakini kisogo kile hakikuwa changu. Kilikuwa cha mashine ya umeme.

Nikamwambia, "Kushoto."

Akanyoosha mkono kuidai kofia.

"Wote?"

"Tulikutana mara moja tu," akasema.

"Wapi?"

"Kwa Yule wa Mashine."

"Na mwenyekiti alikuwa nani?"

Akaangalia viatu vyake. "Mkeo."

Nikatoa kila kitu kwake kidogo kidogo. Tangu nilipomkata Mwalimu, walikubaliana mtu asihame kiti changu. Wananyolewa kwangu, wanashukuru, halafu wanakwenda kushoto kurekebishwa. Yule wa Mashine alikubali asiseme. Mwalimu, aliyekatwa sikio, ndiye aliyeandika zamu. Redio, asiyeweza kukaa na habari dakika tano, alikaa na hii miezi saba. Na mnamo Mei, mama yako mdogo akapata mwanachama mwingine, wa mbali, kwa barua ya mambo ya wanawake.

Naomba unisome polepole. Ulisema watu wengi hawawezi kutunza siri. Ulisema njama za mtaa mzima hazipo. Mimi nilikuambia zipo, na nilihesabu tisa kati ya kumi na mmoja nikiwa nusu kipofu. Sasa mimi na wewe, nani alikuwa sahihi? Njama ilikuwepo. Nilikosea tu mahali pa kuitafuta, na kudhani wananitakia mabaya.

Wamenyolewa upya wote, kwa zamu ile ile ya Mwalimu, safari hii hakuna kukata kushoto. Redio anasema nimemnyoa juu mno. Anaongea sana siku hizi, kama anafidia.

Nikabaki na mmoja. Ijumaa asubuhi nikafunga kibanda, nikakata kushoto, nikapita mbao, nikapita mashine ya kusaga, nikaingia kwa Yule wa Mashine. Aliponiona alizima umeme. Nikakaa kwenye kiti chake. Miaka thelathini na moja najinyoa mwenyewe.

"Nikunyoe vipi, mzee?"

"Kama ulivyokuwa ukiwanyoa wangu."

Akaifuta mashine mara mbili, akaanza. Ananyoa vizuri, siwezi kusema uongo. Alipomaliza akanipa kioo cha mkononi, nitazame kisogo kwenye kile cha ukutani. Nyuma ya sikio la kulia alikuwa ameacha nywele tatu. Nimeziona moja moja. Sikumwambia.

Baba yako mdogo